Ada ya Kuongozea Ndege Katika Maonesho: Nani Alipe, na kwa Sheria Ipi?

Katika somo hili tunaeleza jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hukutana nalo bila kulitambua. Ni ada ambayo serikali humtoza mtu kwa huduma isiyoweza kupatikana kwa mtoaji mwingine yeyote. Duka likipandisha bei, mnunuzi huenda duka la pili. Mamlaka ya usafiri wa anga ikipandisha ada ya kuongozea ndege, hakuna mnara wa pili wa kukimbilia. Kwa hiyo kinga ya mtumiaji haitoki sokoni. Hutoka katika sheria na katika utaratibu uliofuatwa kabla ada haijatangazwa.

Ili jambo hili lieleweke, tumechagua mfano mmoja uliotokea Marekani mwaka 2013, pale mamlaka ya nchi hiyo ilipowatoza waandaaji wa maonesho makubwa ya ndege gharama za waongoza ndege. Mfano ni wa mbali, lakini maswali yake ni yale yale anayopaswa kuuliza kila anayelipa ada kwa taasisi ya umma.

Huduma inayozungumziwa

Mwongoza ndege ni mtumishi anayewapa marubani maelekezo ya lini waruke, lini watue na wapite njia ipi, ili ndege zisigongane. Katika kiwanja kidogo kazi hiyo hufanywa na watu wachache. Katika maonesho ya ndege mambo hubadilika kabisa.

Kila mwaka, mwishoni mwa Julai, chama cha wapenzi wa ndege kiitwacho EAA huandaa maonesho ya AirVenture katika Kiwanja cha Wittman, mjini Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny, na maonesho yake yamekuwa yakifanyika Oshkosh tangu mwaka 1970. Kwa wiki moja hufika watu zaidi ya nusu milioni na ndege zipatazo 10,000. Nyingi ni ndege ndogo za watu binafsi, na baadhi zimetengenezwa na wenyewe majumbani. Katika siku hizo mnara wa Oshkosh huwa miongoni mwa minara yenye shughuli nyingi kuliko yote duniani.

Msongamano huo una taratibu zake. Marubani wa ndege ndogo hufuata njia ya reli kutoka mji wa Ripon hadi kijiji cha Fisk, ndege moja nyuma ya nyingine, kwa kimo cha futi 1,800 na kasi ya noti 90, yaani takribani kilomita 167 kwa saa. Hapo Fisk waongoza ndege husimama chini wakiwa na darubini, huitambua ndege kwa rangi na umbo lake, kisha humwambia rubani kwa redio atikise mabawa kuonesha kwamba amesikia. Kiwanjani barabara ya kutulia huchorwa madoa makubwa ya rangi, na kila rubani huambiwa atue kwenye doa lake. Hivyo ndege zaidi ya moja huweza kutumia barabara hiyo kwa wakati mmoja, zikiwa karibu zaidi kuliko inavyoruhusiwa siku za kawaida.

Kazi ya namna hii haifanywi na mtu yeyote aliye karibu. Waongoza ndege zaidi ya 80, pamoja na wasimamizi wao, huchaguliwa kutoka vituo mbalimbali vya Marekani na kupelekwa Oshkosh. Wanahitaji nauli, malazi, posho ya kujikimu na malipo ya saa za ziada. Mzozo wote ulihusu gharama hizo.

Madai ya mwaka 2013

Kwa miongo mingi gharama hizo zilibebwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, kama sehemu ya kazi zake za kawaida. Mwaka 2013 hali ilibadilika. Tarehe 1 Machi mwaka huo serikali ya Marekani iliingia katika ukataji wa lazima wa bajeti uliotokana na sheria ya mwaka 2011. FAA ilipaswa kupunguza takribani dola milioni 637 kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Kuanzia tarehe 21 Aprili watumishi wake, wakiwemo waongoza ndege, walianza kupewa siku za likizo bila malipo, na abiria wakakumbwa na ucheleweshaji wa safari. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Bunge lilipitisha haraka sheria ya kuiruhusu FAA ihamishe hadi dola milioni 253 kutoka mafungu mengine. Sheria hiyo ilitiwa saini tarehe 1 Mei.

Maonesho ya ndege yalikuwa yameathirika tayari. Vikosi vya maonesho vya jeshi, Thunderbirds na Blue Angels, vilisitisha safari zao, na waandaaji wengi walifuta maonesho ya mwaka huo. Kisha, katika mwezi wa Mei, EAA ikaarifiwa kwamba ikitaka waongoza ndege wa FAA mwishoni mwa Julai, italazimika kulipa gharama za nauli, posho na saa za ziada. Jumla ilikaribia dola 450,000.

Msomaji azingatie wakati wenyewe. Maonesho yalikuwa yamebakiza wiki kama kumi. Wenye mabanda walikwisha kulipa, wageni walikwisha kukata tiketi, na marubani walikwisha kupanga safari. Mwandaaji hakuweza kusema, "Basi, tutaongoza ndege wenyewe," kwa kuwa kufanya hivyo kungehatarisha maisha ya watu. Hakuweza pia kutafuta mtoaji mwingine wa huduma. Njia zilizobaki zilikuwa mbili: kulipa au kufuta.

Hoja za pande mbili

Mtumiaji makini husikiliza pande zote kabla ya kuhukumu. FAA ilikuwa na hoja yenye uzito. Fedha zake zilikuwa zimekatwa na Bunge, si kwa matakwa yake. Gharama za Oshkosh ni za ziada, nje ya kazi za kila siku, na hutokana na tukio lililoandaliwa na chama kimoja ambacho hutoza viingilio. Kama kila tukio la aina hiyo litahudumiwa kwa fedha za wote, mwananchi asiyewahi kuona maonesho ya ndege atakuwa anawalipia wanaoyafurahia.

EAA nayo ilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilihusu kulipa mara mbili. Ndege ndogo Marekani hulipia huduma za anga kupitia kodi ya mafuta. Petroli ya ndege hutozwa senti 19.3 kwa galoni kwa ajili ya mfuko maalumu wa viwanja na njia za anga ulioanzishwa mwaka 1970. Abiria wa ndege za biashara nao huuchangia mfuko huo kwa kodi ya asilimia 7.5 ya nauli ya safari za ndani. Chama kilisema kwamba rubani aliyekwisha kulipa kwenye pampu ya mafuta hapaswi kuletewa bili nyingine kwa huduma ile ile.

Hoja ya pili ilihusu mamlaka ya kutoza. Bunge la Marekani limekuwa likiweka katika sheria za matumizi ya serikali sharti la kuizuia FAA kutunga kanuni za ada mpya za watumiaji wa anga zisizoruhusiwa na sheria mahususi. Ikiwa Bunge ndilo lenye neno la mwisho juu ya ada, chama kiliuliza, je, mamlaka yaweza kuianzisha kwa barua na mkataba? Maseneta kadhaa waliiandikia FAA kuunga mkono pingamizi hilo.

Kodi ni kodi, na ada ni ada

Hapa tunapaswa kutenganisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Kodi hulipwa na wengi kwa ajili ya manufaa ya wote, na mlipaji hawezi kudai apewe kitu mahususi kwa kodi yake. Ada hulipwa na mtu fulani kwa huduma fulani aliyoipata yeye. Kodi huhitaji idhini ya Bunge, kwa kuwa Bunge ndilo linalowawakilisha walipaji. Ada huweza kuwekwa na taasisi, lakini ndani ya mipaka iliyochorwa na sheria.

Marekani ilipitisha mwaka 1952 sheria inayoziruhusu taasisi za serikali kutoza ada kwa huduma zinazomnufaisha mtu mahususi. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliifafanua sheria hiyo katika shauri la kampuni za televisheni za waya. Ilisema kwamba ada ipimwe kwa thamani anayoipata anayetozwa. Sehemu ya gharama inayoleta manufaa kwa umma mzima haifai kubebeshwa mtu mmoja kwa jina la ada, kwa maana hapo ada inageuka kuwa kodi.

Tuupime mfano wetu kwa mizani hiyo. Mwongoza ndege aliyesimama Fisk anamnufaisha nani? Anamnufaisha mwandaaji, kwa kuwa bila yeye hakuna maonesho. Anamnufaisha rubani anayetua salama. Anamnufaisha pia mkazi wa Ripon ambaye hana habari na maonesho hayo, lakini paa la nyumba yake limo chini ya njia ya ndege hizo. Manufaa yamegawanyika, na ndiyo sababu swali la nani alipe halina jibu jepesi.

Hesabu ya mlipaji wa mwisho

Ada anayotozwa mwandaaji haibaki kwake. Huingia katika kiingilio, katika kodi ya banda la biashara, katika malipo ya kuegesha ndege na ya kupiga hema. Tukigawa dola 450,000 kwa wageni 500,000, kila mgeni anabeba senti 90. Tukizigawa kwa ndege 10,000, kila ndege inabeba dola 45.

Tuchukue sasa mfano wa rubani ambaye ndege yake hutumia galoni 10 za petroli kwa saa, na ambaye safari yake ya kwenda na kurudi Oshkosh ni ya saa 10. Atatumia galoni 100, na kodi yake itakuwa dola 19 na senti 30. Aliye upande wa FAA atasema kwamba kodi ya safari hiyo haifikii hata nusu ya gharama ya kumwongoza. Aliye upande wa EAA atajibu kwamba rubani huyo hulipa kodi mwaka mzima, huku mara nyingi akiruka kutoka viwanja visivyo na mnara wala mwongoza ndege. Kila upande una hesabu sahihi. Wanachotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu, na aghalabu hivyo ndivyo mizozo ya ada ilivyo.

Senti 90 si mzigo mkubwa kwa mgeni wa Oshkosh. Lakini tahadhari: gharama za waongoza ndege hazipungui kwa kiwango kile kile ambacho wageni hupungua. Maonesho ya mji mdogo yenye wageni elfu chache nayo yanahitaji mwongoza ndege, nauli yake na posho yake. Kanuni ambayo mkubwa huibeba bila taabu yaweza kumfuta mdogo. Kwa hiyo anayetafakari ada mpya asiangalie tu aliye mbele yake leo, bali pia wale watakaofuata.

Jinsi mzozo ulivyomalizika

EAA ilifanya jambo ambalo kila mtumiaji anaweza kujifunza kwalo. Ilitia saini makubaliano ya mwaka huo na kulipa, ikieleza wazi kwamba inalipa huku ikipinga. Kisha ikapeleka ombi katika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mkoa wa Saba, mjini Chicago, kuitaka iamue kama FAA ilikuwa na mamlaka ya kutoza. Maonesho yalifanyika kwa usalama, na haki ya kuuliza haikupotea.

Mahakama haikufikia kutoa hukumu. Mwezi wa Machi 2014 pande mbili zilipatana kwa makubaliano ya miaka tisa kuhusu huduma na gharama zake, na EAA ikaondoa ombi lake. Chama kilipata uhakika wa huduma na wa kupanga bajeti mapema. Mamlaka ilipata utaratibu ulioandikwa. Lakini umma haukupata jibu la mahakama kwa swali la msingi: je, ada ya aina hiyo yaweza kuanzishwa bila Bunge kusema? Suluhu huwafaa walioketi mezani. Wasiokuwapo, kama vile waandaaji wadogo, hubaki bila mwongozo. Hilo nalo ni la kukumbukwa mtu anaposhauriwa kumaliza jambo nje ya mahakama.

Kanuni zinazotuhusu sote

Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa saini Chicago tarehe 7 Desemba 1944, unazifunga nchi wanachama, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda. Ibara yake ya 15 inakataza ubaguzi katika ada za viwanja na huduma za anga, na inataka ada hizo zichapishwe. Shirika la kimataifa lililoundwa na mkataba huo, ICAO, limezishauri nchi kufuata misingi minne: kutobagua, kuhusianisha ada na gharama halisi, uwazi, na kushauriana na watumiaji.

Misingi hiyo ilikusudiwa hasa kwa mashirika ya ndege, lakini mantiki yake inamfikia abiria wa mwisho. Nchini Tanzania na Kenya, mamlaka za usafiri wa anga ndizo zinazosimamia usalama na ndizo pia zinazoongoza ndege. Ada wanazolipa wenye ndege hujumuishwa katika gharama za safari, na baadhi ya tozo za serikali huoneshwa katika tiketi ya abiria. Ukipimwa kwa misingi hii, mfano wa Oshkosh unaonesha upungufu wake mara moja. Gharama zilielezeka, lakini mashauriano yalikuja baada ya uamuzi, na notisi ilikuwa fupi mno kwa mlipaji kujipanga.

Maswali sita ya kuuliza

Unapokutana na ada mpya ya taasisi ya umma, iwe ya anga, bandari, maji au uwanja wa maonesho, tunakushauri uulize haya, ikiwezekana kwa maandishi:

1. Ada hii imewekwa na sheria au kanuni ipi? Jina la sheria na kifungu viweze kutajwa. Neno "maelekezo" peke yake halitoshi.

2. Inalipia huduma gani hasa? Omba mchanganuo. Nauli, posho na saa za ziada ni vitu vinavyohesabika, na anayevidai hana budi kuvionesha.

3. Je, huduma hiyo imekwisha kulipiwa kwa kodi au tozo nyingine? Ikiwa ndiyo, nyongeza ni ya nini?

4. Nani mwingine ananufaika, naye anachangia nini?

5. Walipaji walishirikishwa lini, na ada inaanza lini? Aliyekwisha kuuza tiketi hawezi kurudi nyuma akaongeza bei.

6. Nikitoridhika, nikate rufaa wapi na ndani ya siku ngapi?

Yapo pia mambo matatu ya kutenda. Kwanza, ukilazimika kulipa ili huduma isikatike, lipa, udai stakabadhi, na uandike barua kwamba umelipa bila kukubali uhalali wa madai. Weka nakala. Pili, jiunge na wenzako. Rubani mmoja wa Oshkosh asingesikika, lakini chama chake kilisikika. Ikiwa nchini mwako kuna baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, lipelekee hoja zako, na uhudhurie mikutano ya kukusanya maoni kabla ada haijapitishwa. Tatu, usipigane na ada kwa kupunguza usalama. Mwandaaji anayekusudia kuokoa fedha kwa kuwaacha waongoza ndege wachache mno anahamishia gharama kwa wageni wake, nao hawakuulizwa.

Neno la kumalizia

Hatusemi kwamba huduma ya kuongozea ndege katika maonesho lazima iwe ya bure. Posho ya mwongoza ndege hulipwa na mtu fulani, ama mlipa kodi, ama mwandaaji, ama mgeni mlangoni. Tunachosema ni kwamba pale ambapo mtoaji wa huduma ni mmoja tu, na huduma yenyewe haiwezi kuachwa, anayelipa hana uwezo wa kukataa. Aliyenyimwa uwezo wa kukataa anastahili kupewa sheria iliyo wazi, hesabu iliyo wazi, muda wa kujiandaa na mahali pa kupeleka malalamiko. Ada iliyopita katika njia hiyo yaweza kuuma mfukoni, lakini mlipaji atajua analipia nini na kwa idhini ya nani.